Tangi Dogo la Maji ya Chumvi katika Somo la Sayansi

Mtoto wa Kikatiti huona kila siku maji yakiteremka kutoka Mlima Meru, lakini habari za bahari huzipata kitabuni tu. Akiambiwa kwamba maji ya bahari ni ya chumvi, hukariri. Akiulizwa chumvi hiyo ilitoka wapi, hunyamaza. Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu anayeanza kazi anavyoweza kuandaa tangi dogo la maji ya chumvi lenye samaki hai, ili wanafunzi walitafute jibu kwa macho yao wenyewe.

Uchaguzi wa samaki

Mwalimu asianze na samaki wa bahari. Pwani ya Tanga iko mbali, mamia ya kilomita, na samaki hao huhitaji gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita ya maji. Tena chumvi ya bahari ni mchanganyiko: ndani yake mna magnesiamu, kalsiamu na potasiamu, ambapo chumvi ya jikoni karibu yote ni sodiamu kloraidi.

Samaki afaaye ni perege mdogo wa bwawani, kwa kuwa huweza kuzoeshwa chumvi kidogo kidogo. Wako hata ndugu zake waishio katika maji ya magadi ya Ziwa Manyara na ya chemchemi za kando ya Ziwa Natron. Hata hivyo, magadi yasitiwe tangini kamwe. Perege wa bwawani hakuyazoea.

Vifaa

Tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, changarawe, ndoo, kipande cha mpira wa kunyonyea maji, chumvi ya mawe, na mizani.

Utaratibu

1. Weka tangi juu ya meza imara, mahali pasipopigwa na jua. Likijaa, uzito wake huzidi kilo 50.

2. Osha changarawe kwa maji matupu bila sabuni, uitandaze kwa tabaka jembamba. Pima lita 45 za maji. Maji ya bomba yakae siku mbili katika ndoo zilizo wazi ili klorini itoke.

3. Ongeza konzi moja ya changarawe iliyotoka katika bwawa la samaki, kisha tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku kwa muda wa wiki sita, bila samaki. Hatua hii ndiyo irukwayo na wengi. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu viitwavyo bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, yenye madhara machache. Bakteria hao huhitaji muda wa kuongezeka. Anayetia samaki siku ya kwanza huwaua kwa uchafu wao wenyewe mbele ya watoto.

4. Tia perege wawili wasiozidi sentimita 5. Pasipo pampu ya hewa, tangi hili lisibebe zaidi ya hao.

5. Baada ya wiki moja, yeyusha gramu 45 za chumvi katika jagi, umimine polepole. Rudia kila baada ya siku mbili hadi itimie mara tano. Jumla ni gramu 225, yaani gramu 5 kwa kila lita. Chumvi hii pia huwakinga samaki dhidi ya sumu ya naitraiti.

Jaribio

Wanafunzi wachore mstari kwenye kioo pale maji yalipofika, na wapime kila Jumatatu. Wataona maji yamepungua. Waulize: je, chumvi nayo imekwenda? Wasijibiwe; waanike kijiko cha maji ya tangi katika sahani juani. Kitakachobaki ni chumvi nyeupe. Maji huondoka, chumvi hubaki. Kwa sababu hiyo maji yaliyokauka hurudishwa kwa maji matamu.

Sasa fungueni ramani. Mto Usa huteremka hadi Kikuletwa, Kikuletwa huingia Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huenda baharini. Njiani maji huyeyusha madini ya miamba. Jua huyarudisha maji angani, madini hubaki baharini, yakiungana na yale yaliyotoka katika volkeno. Manyara na Natron, kwa kuwa hayana mto utokao, yamekusanya chumvi zake kwa njia kama hiyo.

Utunzaji

Kila wiki nyonya lita 9, urudishe lita 9 zenye gramu 45 za chumvi. Lisha kidogo mara moja kwa siku, na upunguze zaidi katika baridi ya Juni na Julai. Samaki wakihema juu ya maji, badilisha sehemu ya maji mara moja. Wakikua, warudishwe kwa mwenye bwawa, wasimwagwe mtoni: bonde la Pangani lina perege wake wa asili, ambao hudhuriwa na perege wageni.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Lita 9 zikikauka, kila lita iliyobaki itakuwa na gramu ngapi za chumvi?
2. Kwa nini maji yaliyokauka hurudishwa kwa maji matamu, lakini yaliyonyonywa kwa maji ya chumvi?
3. Andaa somo la dakika 40 juu ya jaribio hili, ambamo wanafunzi watatabiri kabla ya kupima.