Jina la Tovuti ni Amana

Ndugu zangu, jumuiya inapofungua tovuti, jina lake halinunuliwi likawa letu daima. Tunalikodi kwa miaka, na muda ukipita bila kulipiwa, mwingine anaweza kulichukua. Hapa Uganda tunaweza kuchagua .or.ug au .org. Jina liwe fupi, lisilo na vistari, ambalo mtu akilisikia msikitini ataliandika bila kukosea.

Kubwa zaidi ni usajili. Likiandikishwa kwa jina na baruapepe ya mwanafunzi mmoja, akihitimu ataondoka na ufunguo. Kwa msajili, mwenye jina ni yeye, ingawa fedha tulichanga sote. Basi tuliandikishe kwa jina na baruapepe ya jumuiya, na viongozi wawili wajue nywila na tarehe ya kulipia. Uongozi ukibadilika, wakabidhi. Amana hurudishwa kwa wenyewe.