Kasuku mdogo akae wapi?

Swali: Daktari, nimeletewa kasuku mdogo wa Australia. Hapa kwetu Kewanja tuna sebule, vyumba viwili na jiko la barazani. Tundu lake nilitundike wapi?

Jibu: Sebuleni. Barazani hapana, ingawa najua ndiko watu wanakoshinda. Ndege huyu ana gramu 30 hadi 40 tu, na mapafu yake, yakisaidiwa na vifuko vya hewa, hufyonza hewa kwa wingi. Moshi wa mkaa humdhuru kabla wewe hujakohoa. Ninyi wa Kewanja, mnaoishi jirani na mgodi, mtanielewa: wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walitumia kanari kutambua gesi ya sumu hadi 1986. Kwa hiyo dawa ya mbu ya kupulizia isitumike chumbani mwake, na kikaango kisichoshika chakula kisiachwe kikaungua ndani.

Tundu liwe usawa wa macho yako, upande mmoja ukiegemea ukuta. Akiwa wazi pande zote huishi kwa hofu. Dirishani pasikubembeleze: jua la mchana chini ya bati lisilo na dari laweza kumuua. Kama mna paka, kabati na viti visogezwe mbali.