Siri ya Ugonjwa ni ya Mgonjwa

Huko Rhotia, wilayani Karatu, wapo wazee wanaokimudu Kiiraqw kuliko Kiswahili. Waendapo kutibiwa, mtoto huwa mkalimani. Tuseme kijana amnong'oneza muuguzi: "Sista, mama asiambiwe kwamba ni saratani." Ombi hilo latoka katika upendo, nasi hatulibezi. Hata hivyo, idhini ya upasuaji itolewayo bila kujua sababu yake si idhini. Muuguzi atafute mkalimani mwingine, amwulize mama mwenyewe angependa kuelezwa kiasi gani. Akijibu, "Mwelezeni mwanangu," huo nao ni uamuzi wake. Ukinyimwa haki hiyo, mwone mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, peleka malalamiko Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya mwaka 2010.