Fundisho: Mwenye Kudai na Mwenye Deni

Leo tujifunze juu ya deni, maana linavunja urafiki hata kati ya waamini.

1. Haki ya mwenye kudai. Kudai mali yako si dhambi. Mtu mwenye uwezo asiyelipa anamnyang'anya mwenzake. Tena, wakopeshaji wasipolipwa, kesho nani atamkopesha mjane mtaji wa kuuza unga? Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria ya OHADA ya kudai madeni, iliyotungwa 1998, ilitengenezwa upya Kinshasa mwaka 2023, na inatumika tangu mwezi wa 2, 2024. Kama kiasi cha deni kinajulikana na siku ya kulipa imefika, mdai anaweza kuomba tribinali itoe amri ya kulipa kwa njia fupi.

2. Haki ya mwenye deni. Anaweza kupinga amri hiyo mbele ya tribinali, lakini asikawie, maana siku ni chache. Mali yake inakamatwa na mtumishi wa tribinali mwenye makaratasi ya sheria, si mdai pamoja na vijana wa mtaa. Wala mtu hafungwi gerezani kwa sababu tu ameshindwa kulipa. Congo ilikubali jambo hilo mwaka 1976, ilipoingia katika mapatano ya mataifa juu ya haki za raia. Aliyekopa kwa udanganyifu, hiyo ni kesi nyingine.

3. Mizani. Kifungu cha 39 kinamtaka mwamuzi atazame hali ya mwenye deni pamoja na mahitaji ya mwenye kudai. Anaweza kugawanya malipo kwa muda usiopita mwaka 1. Lakini deni la kulisha watoto halipewi muda huo.

Torati, sura ya 24, ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, na kumwamuru mdai angoje nje ya nyumba. Ukimnyang'anya fundi mashini yake ya kushona, umekata mkono ambao ungekulipa.

Basi tunapokopeshana, tuandike karatasi mbele ya mashahidi. Mwenye deni akishindwa, asijifiche: aende kwa mdai mbele ya siku kufika, amwambie kweli, alipe hata kidogo. Na mdai asitangulize polisi.

Swali la kujibu nyumbani: kati ya hawa wawili, wewe ni nani leo, na mwenzako anakungoja nini?