Tuta na Mfereji: Maneno ya Kuongoza Maji

Katika Maandiko Matakatifu maji yatajwa mara nyingi, wala si maji ya mto tu, bali pia maji yaliyoongozwa kwa kazi ya mikono. Mwalimu asiyeyapambanua maneno yake aweza kusoma vema na kuikosa maana. Kwa hiyo mwezi huu tuyapange maneno ya udongo uzuiao maji na ya njia ipitishayo maji, kisha tutazame yatufundisha nini.

1. Maneno ya kuzuia

Tuta ni udongo uliokusanywa na kuinuliwa kwa jembe. Tuta la viazi na tuta la kuzuia maji ni neno moja, maana kazi ni moja. Ukingo ni upande wa mto au wa mfereji, pale maji yakomeapo. Lambo ni mahali palipochimbwa ili maji ya mvua yakusanyike, na wafugaji hunyweshea ng'ombe wao hapo. Bwawa ni maji yaliyotuama, lakini siku hizi hata maji mengi yaliyozuiwa kwa ukuta huitwa bwawa, kama Bwawa la Nyumba ya Mungu katika bonde la mto Pangani, lililojengwa katika miaka ya 1960. Katika milima ya Upare liko neno ndiva. Hilo ni bwawa dogo lenye tuta la udongo. Usiku maji ya mfereji huingia na kujaa humo, na asubuhi hufunguliwa ili yashuke mashambani kwa nguvu.

2. Maneno ya kupitisha

Mfereji ni njia iliyochimbwa ili maji yafike yanapotakiwa. Mtaro kwa desturi ni njia ya kuyaondoa maji yasiyotakiwa, kama kando ya barabara. Handaki ni shimo refu lililochimbwa ili kumzuia adui. Laweza kujaa maji, lakini halikuchimbwa kwa ajili ya kunywesha mimea.

Wachaga huuita mfereji mfongo. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, waliikuta mifereji ya namna hii imekwisha kuchimbwa na wazee wa nchi. Tufikiri jinsi ulivyofanywa. Juu mlimani mawe, matawi na mabonge ya udongo wenye majani yaliwekwa mtoni. Mahali hapo mafundi wa siku hizi hupaita banio. Halikuwekwa ili kuufunga mto wote, bali kuyainua maji kidogo, sehemu yake iingie mferejini, na sehemu nyingine iendelee kwa watu wa chini. Kisha mfereji hufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Ukiteremka mno, maji hula udongo na kuvunja kingo; usipoteremka vya kutosha, matope hutuama na kuuziba. Siku hizi mifereji mingine imejengwa kwa saruji, lakini hata hiyo yahitaji kusafishwa. Mto hupewa mtu, lakini mfereji hutunzwa na watu.

3. Neno kukinga

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja cha ajabu. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, yaani huizuia isimpate. Tena mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo upenuni, yaani huyapokea yasipotee. Kuzuia na kupokea ni neno moja! Na tuta hufanya yote mawili. Maji yaliyozuiwa hayakuchukiwa. Yamezuiwa ili yafae. Basi mwanafunzi akiuliza kwa nini Mungu ametuwekea amri zenye makatazo, mwalimu na amwonyeshe tuta. Penye tuta, maji yaleyale ambayo yangaliharibu shamba hulinywesha.

4. Neno la Kiebrania

Sasa tufungue Zaburi 1:3 na Mithali 21:1. Katika Biblia yetu Zaburi yataja vijito, na Mithali yataja mifereji. Lakini katika Kiebrania neno ni moja, peleg, nalo latokana na kugawanya. Ndilo jina la Pelegi katika Mwanzo 10:25, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kugawanyika kwa nchi. Peleg, basi, ni maji yaliyogawanywa, kama yatokavyo mtoni kuingia mferejini.

Kwa hiyo mti wa Zaburi ya kwanza si lazima tuufikiri kuwa umeota wenyewe kando ya mto mkubwa. Umepandwa kwa mkono, tena mahali pa maji yaliyoletwa. Mti haukuchimba mfereji wake. Ndivyo ilivyo neema: kabla mwenye haki hajazaa tunda lo lote, Mwingine amekwisha kufanya kazi kwa ajili yake. Na katika Mithali moyo wa mfalme ni kama maji hayo mkononi mwa Bwana. Mkulima huondoa bonge la udongo kwa jembe, na maji hugeukia upande mwingine. Kwetu mto ni mkubwa na wafalme ni wakuu. Mbele za Mungu ni kazi ya bonge moja la udongo.

5. Maji na jirani

Kiswahili chatusaidia tena: kugawanya na kugawana ni maneno ya jamaa moja. Maji hugawanywa ili watu wagawane. Lakini si jambo geni wakati wa kiangazi kwamba watu wa usharika mmoja huketi benchi moja siku ya Jumapili, na Jumatatu hawasalimiani kwa sababu ya zamu ya maji. Mmoja amefungua usiku yasiyo yake. Mwingine ameziba kwa hasira. Mithali 17:14 yamfananisha aanzishaye ugomvi na mtu atoaye maji, na kutushauri tuache mapema. Kila aliyewahi kutunza ndiva anajua maana yake. Tundu dogo katika tuta la udongo hupanuliwa na maji yenyewe, na muda si muda hakuna jembe la kuliziba. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tusiihesabu Amri ya Saba kuwa ya fedha na mifugo tu. Kuiba zamu ya jirani ni kuiba chakula chake. Tena Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, alitia humo hali njema ya hewa na majirani waaminifu pia. Tuombapo mvua, tuwe sisi wenyewe majirani wa namna hiyo.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Mfereji na mtaro vina tofauti gani? Kwa lugha ya nyumbani mwaviitaje?
2. Kukinga kuna maana gani mbili?
3. Katika Zaburi 1:3, ni kazi gani iliyofanywa kabla mti haujazaa?
4. Je, uko ufa kati yetu na jirani ye yote ambao twaweza kuuziba juma hili?

Bwana atujalie kuyapokea maji yake na kuyapitisha kwa wengine.