Somo kwa Vyama: Benki Inapofunga Akaunti ya Mteja wa Siku Nyingi

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama wa vyama vya msingi kuelewa kwa nini benki huweza kufunga akaunti ya mteja wa miaka mingi, kwa nini mara nyingi haitaji sababu, na chama kifanye nini ili kisikutwe na jambo hilo katikati ya msimu. Mifano imechukuliwa Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili limefika mahakamani na bungeni, na kwa kuwa sheria za mikataba za Tanzania, Kenya na Uganda zina mizizi katika sheria ya nchi hiyo. Katibu anashauriwa kulisoma mbele ya bodi kwanza, kisha mbele ya wanachama.

1. Fedha iliyoko benki

Wanachama wengi hudhani kwamba fedha ikishapelekwa benki huwekwa mahali pake ikimngojea mwenyewe, kama gunia la mahindi ghalani. Sivyo. Mwaka 1848, katika kesi ya Foley na Hill, Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo wakati huo, liliamua kwamba fedha iliyowekwa benki huwa ya benki, nayo benki huwa mdeni wa mteja kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo uhusiano wa benki na mteja ni mkataba, na mkataba usio na mwisho uliotajwa waweza kuvunjwa na upande wowote. Mteja aweza kuhama benki apendapo. Benki nayo yaweza kumwacha mteja, ila ni lazima impe taarifa.

Taarifa hiyo ni ya muda gani? Mwaka 1921, katika kesi ya Joachimson na Swiss Bank Corporation, Jaji Atkin alieleza kwamba benki haina ruhusa ya kuacha kumhudumia mteja ila baada ya kumpa taarifa ya muda wa kutosha. Mwaka 1923 kampuni iitwayo Prosperity iliishtaki benki ya Lloyds, iliyokuwa imeipa taarifa ya mwezi mmoja tu. Mahakama iliona kwamba mwezi mmoja haukutosha kwa kampuni iliyokuwa ikipokea michango ya watu wengi kwa njia ya benki hiyo. Hata hivyo, mahakama haikuilazimisha benki iendelee na mteja isiyemtaka. Yafaa katibu alishike jambo hili: sheria ilimpa mteja haki ya kupata muda, wala haikumpa haki ya kubaki.

2. Kwa nini benki hufunga, na kwa nini hunyamaza

Benki za siku hizi zinabanwa na sheria za kuzuia fedha haramu. Zinatakiwa zimjue mteja, zijue fedha yake inatoka wapi na kwenda wapi, na zitoe taarifa serikalini zikishuku jambo. Benki inayozembea hutozwa faini kubwa. Mwezi Desemba 1912 wala miaka ya karibu yake hakukuwa na adhabu za namna hii; lakini Desemba 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 kwa serikali ya Marekani, baada ya kuonekana kwamba fedha za wauza madawa ya kulevya wa Mexico zilipita mikononi mwake. Tangu hapo benki nyingi zilianza kupiga hesabu mpya. Mteja anayeiletea benki faida ndogo, lakini anayehitaji uchunguzi mwingi, huonekana ni mzigo, hata kama hajatenda kosa lolote.

Ukimya wa benki una namna tatu, nazo hazifanani.

(a) Ukimya wa sheria. Chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya mwaka 2002 ya Uingereza, ni kosa la jinai kwa mtumishi wa benki kumdokeza mteja kwamba imepelekwa taarifa ya kumshuku. Mtumishi huyo hawezi kueleza hata akitaka.

(b) Ukimya wa mkataba. Masharti ambayo mteja alitia sahihi siku ya kufungua akaunti huweza kusema kwamba benki yaweza kuifunga bila kutaja sababu.

(c) Ukimya wa urahisi. Benki haitaki mabishano, basi huandika barua fupi ya kwamba imeamua kusitisha uhusiano.

Mteja aliyepokea barua hawezi kujua ni ukimya upi uliomfikia. Ndiyo maana mtu mwaminifu hujiona ametuhumiwa, asijue ajitetee kwa lipi.

3. Mambo yaliyotokea Uingereza

Mwaka 2013 benki ya Barclays iliamua kufunga akaunti za kampuni zipatazo 250 zilizokuwa zikipeleka fedha nchi za nje. Miongoni mwao ilikuwamo Dahabshiil, kampuni kubwa kuliko zote katika kupeleka fedha Somalia, nchi ambayo haikuwa na benki za kawaida za kupokelea fedha kutoka ng'ambo. Familia nyingi huko zilikula, zilisomesha watoto na kununua dawa kwa fedha za ndugu walioko Ulaya na Marekani. Dahabshiil ilikwenda mahakamani, na tarehe 5 Novemba 2013 Mahakama Kuu ya London iliizuia Barclays isiifunge akaunti hiyo kabla kesi haijasikilizwa. Mwezi Aprili 2014 pande mbili zilipatana, na kampuni ikapewa muda wa kuhamia kwingine. Kampuni nyingi ndogo hazikuwa na uwezo wa kuweka mawakili, nazo zilipoteza akaunti zao.

Mwezi Oktoba 2014 chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya fedha haramu, kijulikanacho kwa kifupi FATF, kilitangaza kwamba kanuni zake haziziagizi benki kuwatupa wateja wa aina nzima kwa pamoja, bali kila mteja apimwe kwa hali yake. Pamoja na tangazo hilo, ufungaji uliongezeka. Takwimu za mamlaka inayosimamia mwenendo wa mabenki ya Uingereza zilionyesha kwamba akaunti zilizofungwa na benki ziliongezeka kutoka kama 45,000 katika mwaka 2016/17 hadi zaidi ya 343,000 katika mwaka 2021/22.

Mwaka 2023 jambo hili lilimfika mwanasiasa Nigel Farage, mteja wa benki ya Coutts. Yeye alitumia sheria ya ulinzi wa taarifa za mtu binafsi kudai karatasi zote zilizoandikwa juu yake, na katika karatasi hizo ilionekana kwamba kamati ya benki ilikuwa imezungumzia pia maoni yake ya kisiasa na sifa ya benki. Mwezi Julai mwaka huo mkuu wa kundi la NatWest, lenye kuimiliki Coutts, alijiuzulu baada ya kukiri kwamba alizungumza na mwandishi wa habari juu ya mteja huyo. Mtu aweza kumpenda mwanasiasa huyo au kumchukia. Linalohusu ushirika ni kwamba sababu zilipatikana kwa kuombwa kwa maandishi, na kwa mtu aliyejua haki yake. Ikumbukwe lakini kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Chama au kampuni haiwezi kuitumia kwa jina lake. Chama hutegemea mkataba wake na barua zake.

4. Sheria ilivyorekebishwa

Kanuni za Uingereza za mwaka 2017 zilitaka taarifa isiyopungua miezi miwili. Kanuni mpya zilizotungwa mwaka 2025 zimeongeza muda kuwa siku 90, na kuitaka benki itoe sababu kwa maandishi, kwa mikataba inayofungwa tangu tarehe 28 Aprili 2026. Pale ambapo sheria za uhalifu zinakataza kueleza, ukimya unaendelea. Aidha mteja asiyeridhika, hata mfanyabiashara mdogo, aweza kupeleka malalamiko bila malipo kwa msuluhishi wa mambo ya fedha, baada ya benki kupewa wiki nane za kujibu.

5. Funzo kwa chama cha msingi

Tuseme chama kimoja cha wakulima wa kahawa kina akaunti ya miaka ishirini. Kwa miezi tisa akaunti imelala. Kisha siku moja inaingia fedha ya mauzo, na kwa siku tatu karibu yote inatolewa taslimu. Kila mwanachama anajua kwamba hayo ni malipo ya wakulima. Lakini karani aliyeko makao makuu ya benki, asiyejua msimu wala kahawa, anaona akaunti iliyolala, fedha nyingi ghafula, na taslimu kutoka mbio. Hiyo ndiyo sura aliyofundishwa kuishuku. Akitazama kadi ya sahihi, anaona majina ya viongozi wawili walioondoka madarakani zamani. Akiuliza tawini, hakuna muhtasari wa mkutano uliopelekwa. Chama hakikuiba kitu, ila kimejifanya kisijulikane. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo hapana budi chama kifanye yafuatayo kabla ya msimu:

(i) Kila uchaguzi ukiisha, muhtasari na majina ya watia sahihi wapya yapelekwe benki mara moja, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki katika jalada.

(ii) Meneja wa tawi aandikiwe barua kueleza mazao yanayotazamiwa, mnunuzi, kadiri ya fedha itakayoingia, na namna wakulima watakavyolipwa.

(iii) Usuluhisho wa hesabu za benki na daftari la fedha ufanywe kila mwezi, usingoje mkaguzi.

(iv) Akaunti ya chama isipitishiwe fedha ya mtu binafsi, awe kiongozi au mfanyabiashara rafiki.

(v) Bodi itazame kama masharti ya chama yanaruhusu akaunti katika benki ya pili, na ipate idhini inayotakiwa.

Na barua ya kufungiwa ikifika? Kwanza katibu aandike juu yake tarehe iliyopokelewa, kwa kuwa siku huhesabiwa. Pili, asome kwa makini: kufunga akaunti si sawa na kuizuia. Akaunti ikifungwa, salio hurudishwa kwa chama. Ikizuiwa kwa amri ya vyombo vya dola, fedha haitoki mpaka amri iondolewe. Tatu, bodi iitwe, na chama kikuu pamoja na afisa ushirika wajulishwe. Nne, benki iandikiwe kuombwa sababu, tarehe ya mwisho, hatima ya hundi ambazo hazijalipwa, na nyongeza ya muda mpaka malipo ya wakulima yaishe. Tano, mnunuzi aarifiwe asipeleke fedha katika akaunti inayofungwa. Mwisho, kwa hali yoyote fedha ya wakulima isihamishiwe akaunti ya mwenyekiti, katibu au mweka hazina, hata kwa siku moja. Vyama vinavyofanya hivyo kwa nia njema huzigeuza shaka za benki kuwa hoja za kweli.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani watia sahihi wa chama hiki leo, na je, majina hayo ndiyo yaliyoko benki?
2. Barua ya mwisho ambayo chama kiliipelekea benki ni ya tarehe gani, na nakala yake iko wapi?
3. Benki ikitoa taarifa ya siku 30 wiki hii, wakulima watalipwa kwa njia gani?
4. Je, ni haki benki kunyamaza? Tenganisheni namna tatu za ukimya, mseme ni ipi inayoweza kukubaliwa na ipi isiyokubalika.