Boti ya Zamani na Gesi Isiyonuka
Kijitabu cha elimu kwa familia zinazopumzika kwenye mito na mifereji ya Uingereza

Tangu tarehe 1 Aprili 2019, boti yenye kabini haipiti ukaguzi wa Boat Safety Scheme bila king'ora cha kaboni monoksidi kinachofanya kazi. Haijalishi ni boti ya nani, imenunuliwa kwa bei gani, wala kwamba mwenyewe analala humo siku mbili tu kwa mwaka. Ukaguzi huu umekuwepo tangu 1997, na cheti chake hudumu hadi miaka 4. Kipengele hiki cha king'ora ndicho kinacholeta manung'uniko mengi kuliko vyote.

Tunayasikia manung'uniko hayo. Wapo wanaosema ni mbinu nyingine ya kuwatoa watu pesa. Wapo wanaosema wamekaa na boti yao miaka mingi na hakuna aliyekufa. Ndugu msomaji, king'ora hakiuzwi na mkaguzi. Unakinunua dukani, kwa pesa isiyofika bei ya kujaza tangi la petroli, na unaondoka nacho mkononi. Sharti hili halikuandikwa na watu waliokosa kazi ya kufanya. Liliandikwa baada ya vifo.

Kijitabu hiki ni kwa ajili ya familia zinazosema Kiswahili hapa Uingereza ambazo zimenunua, au zinafikiria kununua, boti ndogo iliyotumika: zile za faiba za miaka ya 1970, kama Freeman, Norman na Dawncraft, au boti kubwa kidogo za mwendo kasi zilizotengenezwa Marekani na Kanada. Ni boti nzuri. Kitanda kipo, jiko la plati mbili lipo, choo kipo, na nyuma kuna sehemu ya nahodha inayofunikwa kwa turubai mvua ikinyesha. Ukiwa na boti kama hiyo unaweza kuzunguka eneo la Broads, huko Norfolk na Suffolk, zaidi ya kilomita 200 za mito na maziwa karibu bila kukutana na lango la maji hata moja. Ukipenda kupanda na kushuka kwa malango, mto Thames unayo zaidi ya 40 kutoka Lechlade hadi Teddington, na wengi wa walinzi wake ni watu wakarimu.

Tunataka mwende. Tunataka pia mrudi.

Gesi yenyewe

Kaboni monoksidi hutokea popote mafuta, gesi, kuni au mkaa vinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushikamana na chembe zinazobeba oksijeni, na inazishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Mtu anapumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini oksijeni haiufikii ubongo wala moyo.

Gesi hii si ngeni kwetu. Ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, Njombe, Limuru au popote penye kipupwe, mlango umefungwa na madirisha yamezibwa. Kila mmoja wetu amewahi kusikia habari hiyo nyumbani. Kabini ya boti ndogo ni chumba kidogo kuliko kile, na injini ya petroli isiyo na kichujio cha kisasa kwenye egzosi hutoa gesi hii kwa wingi. Injini ya dizeli hutoa kidogo kuliko hiyo, lakini kidogo hakumaanishi salama.

Dalili zake ndizo zinazodanganya watu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, akili kuchanganyikiwa. Baba anadhani ni mafua. Mama anadhani ni chakula cha mchana. Mtoto anaambiwa maji yamemlevya. Mto Bure, huko Broads, hauna mawimbi ya kulevya mtu! Wakiumwa kichwa watu wawili kwa pamoja ndani ya boti, na wakapata nafuu wakishuka ukingoni, hayo si mafua. Watoto, wazee, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo huzidiwa mapema kuliko wengine. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Yaliyotokea

Tarehe 9 Juni 2016, pale Wroxham, huko Broads, watu wawili na mbwa wao walikutwa wamekufa ndani ya boti iitwayo Love for Lydia. Boti ilikuwa imefungwa gatini. Haikuzama, haikugongwa, haikuungua. Wachunguzi wa ajali za majini, MAIB, waligundua kwamba moshi wa injini yake ya petroli ndio ulioingia ndani. Hakukuwa na king'ora.

Miaka mitatu kabla, tarehe 1 Aprili 2013, katika ziwa Windermere, mama na binti yake wa miaka 10 walikufa ndani ya boti Arniston. Humo kulikuwa na jenereta ndogo ya kubebeka iliyowekwa kwenye chumba cha injini, na bomba lake la moshi lilikuwa la kuungaunga kienyeji. Bomba likaachia. Boti hiyo ilikuwa na vifaa vya kuhisi gesi. Havikuwa vimeunganishwa na umeme.

Mwaka 2019, mwezi wa Desemba, watu wawili wengine walikufa ndani ya boti Diversion katika mto Ouse, mjini York. Safari hii chanzo kilikuwa hita ya kabini ambayo moshi wake ulivujia ndani. King'ora hakikuwepo.

Injini, jenereta, hita: kila mara gesi ilitoka mahali tofauti, na kila mara hapakuwa na kitu cha kuwaamsha wenyewe. Tangu sharti hili lianze, hakuna mkaguzi anayeweza kuipitisha boti yenye kabini bila kifaa hiki ukutani, na sisi tuliolipigania tunaona fahari kwa hilo. Lakini mkaguzi huja mara moja katika miaka 4. Siku zilizobaki ni zenu.

Jioni ya mvua

Tuichukue jioni moja ya kawaida, kwa maana hatari hii haiji katika dhoruba. Mmefika Ranworth, huko Broads, saa 12 jioni. Mvua inanyesha. Mmefunga kamba omo na tezi, na baba ameshusha turubai la nyuma ili sehemu ya nahodha isilowe. Betri imepungua, maji ya kuoga ni baridi, kwa hiyo injini inaachwa ikiunguruma nusu saa. Bomba la egzosi liko tezini, kimo cha mkono juu ya maji. Upepo unavuma kutoka nyuma.

Sasa tazama moshi unakwenda wapi. Hauwezi kwenda nyuma, upepo unaurudisha. Unapanda ubavu wa boti, unapenya kwenye vishikizo vya turubai na pale zipu isipofunga vizuri, unajaa chini ya turubai, kisha unateremka ngazi mbili hadi kabini walikolala watoto. Ukuta wa gati ukiwa karibu na egzosi, mambo yanazidi kuwa mabaya. Hata boti ikiwa mwendoni, turubai likiwa limeinuliwa mbele na wazi nyuma, hewa huzunguka na kuuvuta moshi ndani.

Kwa hiyo: usiwashe injini mkiwa mmefunga boti huku turubai limeshushwa na watu wamo ndani. Tunarudia. Usiwashe injini mkiwa mmefunga boti huku turubai limeshushwa na watu wamo ndani. Kama betri ni lazima ichajiwe, fungueni turubai, shusheni watu, na mzingatie upepo. Kwenye mifereji ya Canal & River Trust masharti ya leseni yanakataza hata hivyo kuwasha injini kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi ukiwa umefunga boti karibu na watu wengine, na hilo lisichukuliwe kuwa ni adabu ya kelele tu. Moshi wa jirani nao huua. Ndiyo maana king'ora kinatakiwa hata kwenye boti isiyo na jiko wala hita.

Jenereta ya kubebeka haina nafasi ndani ya boti, wala juu ya sitaha, wala chini ya turubai. Jiko la kupikia si hita: likimaliza kupika, lizimwe. Na jiko la mkaa, au lile trei la nyama choma linalouzwa madukani, halipandi boti likiwa na moto, wala halirudishwi ndani likiwa linaonekana limezimika. Majivu yenye uvuguvugu yanaendelea kutoa gesi kwa saa kadhaa. Tunajua mishikaki ya ukingoni ina raha yake. Choma nchi kavu, acha jiko nchi kavu usiku kucha.

King'ora

Nunua chenye alama ya viwango BS EN 50291, ikiwezekana sehemu ya 2 ambayo ni ya boti na karavani. Kiweke palipo wazi, si nyuma ya pazia wala ndani ya kabati, na panapolala watu kiwe usawa wa kichwa cha aliyelala. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mnapopanda boti na kila wiki mkiwa safarini. Kigeuze usome nyuma: kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, na ikipita, kifaa kinaweza kuwaka taa bila kuhisi chochote.

Kinapolia mlio mmoja mfupi kila baada ya muda, kwa kawaida ni betri au umri. Badilisha, usitoe betri ukakiweka kwenye droo. Kinapolia mfululizo kwa nguvu ni gesi. Msiseme kimeharibika. Kifaa cha kiwango hiki hupima wingi na muda: kwenye chembe 50 kwa milioni huchukua saa 1 au zaidi kabla ya kulia, kwenye chembe 300 kinatakiwa kulia ndani ya dakika 3. Kikilia, mmeshaivuta.

Mambo mengine kwa ufupi. Leseni ya boti hulipwa kwa mwenye maji: Canal & River Trust, Environment Agency au Broads Authority. Bima inahitajika karibu kila mahali. Masharti mengine yamo kwenye fomu. Mkijaza petroli, abiria wote washuke, moto wote uzimwe, na feni ya chumba cha injini izungushwe kabla ya kuwasha, maana mvuke wa petroli hushuka na kutulia ngamani. Mtungi wa gesi ukae kwenye sanduku lake linalomwaga nje.

King'ora kikilia

Tokeni. Zimeni injini au jiko kama swichi iko njiani mnapotoka, vinginevyo acheni. Fungueni turubai na milango mkipita. Hesabuni watu mkiwa ukingoni, na yule aliyelala abebwe. Pigeni 999 na mtaje kaboni monoksidi kwa jina, kwa sababu daktari asiyeambiwa anaweza kupima kitu kingine kabisa. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha, na kinatakiwa kufanyika mapema. Aliyepata nafuu hewani aende hospitali pia. Mtu asirudi kuchukua simu, pochi wala viatu. Injini hiyo isiwashwe tena mpaka fundi wa boti afuate bomba la moshi kutoka mwanzo hadi mwisho, akikagua kila kiungo na kila kibano.